Nimeitwa kukalia kiti cha mkurugenzi mtendaji, na faili la pampu liko mezani kwangu

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka arobaini na minne, nimeolewa, na tuna watoto wawili. Nafanya kazi katika kampuni inayotengeneza vifaa tiba, hasa pampu za dripu, zile zinazofungwa kwenye nguzo kando ya kitanda na kusukuma dawa mshipani kidogo kidogo kwa kipimo. Sitaitaja kampuni wala nchi, maana dunia yetu hii ni ndogo na watu wanajuana.

Nilianza kama fundi wa vifaa hospitalini. Kazi yangu ilikuwa kufungua mashine zilizogoma, kubadilisha betri, kusafisha vitambuzi na kujaza karatasi. Baadaye kampuni ikaniajiri niwe mwakilishi wa mauzo. Walio nje hudhani kazi ile ni kubeba mkoba na kugawa kalamu. Mimi nilikuwa nasimama na wauguzi katika vyumba vya wagonjwa mahututi, nawaonyesha namna ya kupanga kipimo, na pampu ikilia usiku simu inayoita ni yangu. Niliwauzia watu kitu nilichokuwa nakijua mpaka ndani.

Mzee, ndiye mwanzilishi na mkurugenzi mtendaji wetu, aliniona. Akanitoa mauzo akanipeleka usajili na ubora. Wenzangu walinicheka, walidhani nimeshushwa. Yeye akaniambia kwamba asiyeyajua makaratasi ya vifaa tiba hawezi kuongoza kampuni ya vifaa tiba. Alinilipia masomo ya uongozi. Baba yangu alipofariki, Mzee alikuja msibani na kuketi na ndugu zangu hadi usiku. Leo mimi ni mkurugenzi wa uendeshaji: kiwanda, ghala na ubora viko chini yangu. Hakuna mwanamke mwingine aliyewahi kufika hapa katika kampuni yetu.

Sasa Mzee anastaafu na bodi inataka niichukue nafasi yake. Wakati huohuo kampuni kubwa ya nje inataka kutununua, na mazungumzo yamefika mbali. Mimi ndiye nitakayetia saini mauzo hayo.

Tatizo langu ni faili. Mhandisi kijana wa kitengo cha ubora alikusanya malalamiko ya hospitali mbalimbali akagundua yanafanana. Pampu zetu za toleo la zamani, za kundi fulani la uzalishaji, zinaonyesha kwamba betri bado ina chaji, kisha zinazima ghafla bila kulia alamu. Mpaka sasa hakuna aliyekufa wala kuumia tunayemjua. Wauguzi waliwahi kuona na kubadilisha pampu. Kijana ameandika ripoti nzuri, akapendekeza tuiarifu mamlaka ya udhibiti na hospitali zote. Toleo jipya halina kasoro hiyo kwa sababu wahandisi walishabadilisha saketi. Lakini za zamani bado zimo hospitalini, na nyingine zimo ghalani zinauzwa.

Nilipompelekea Mzee ripoti, hakukasirika. Alisema polepole: "Toleo jipya linatoka, hizi za zamani zitakwisha zenyewe. Tukipiga kelele sasa, hospitali zitaziondoa pampu na wagonjwa watabaki bila kitu. Na mauzo ya kampuni yatakufa, pamoja na ajira za watu wote hawa." Kisha akaongeza, "Ukishakaa kwenye kiti, utaamua wewe."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yananizuia usingizi. Najiambia: nikubali, nikae, kisha nirekebishe nikiwa na mamlaka. Nikipiga kelele sasa nitakipoteza kiti, atawekwa mtu wa fedha asiyejua hata kufungua pampu, na faili litazikwa. Mume wangu anasema nichukue kazi, kwamba tumeisubiri miaka yote hii. Hajui habari za faili, kwa kuwa ni siri ya kazi. Rafiki yangu mmoja, yeye anajua, ananiambia niondoke kabisa.

Sitaki kuwa shujaa, Shangazi, wala kumvunjia heshima mtu aliyenilea. Ila kila nikipita ghalani naona maboksi yanapakiwa.

Ni mimi,
Mwenye Kalamu Mkononi

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma nikaiweka, nikaisoma tena kesho yake. Kwa kuwa si mtaalamu wa mashine, niliketi pia na mtu aliyefanya kazi ya udhibiti wa vifaa tiba kwa muda mrefu, nikamuuliza maswali mengi bila kutaja chochote cha kukutambulisha. Mengi ya kitaalamu utakayoyasoma hapa ni yake, na bila shaka mengine unayajua kuliko sisi wote wawili.

Nikuambie kwanza nilivyokuelewa. Umeitwa kwenye nafasi uliyoistahili kwa kazi, na anayekuita ni mtu unayempenda kama mzazi. Mlangoni mwa nafasi hiyo kuna jambo ambalo yeye ameliacha bila kuamuliwa, akakukabidhi wewe. Unahisi una njia mbili tu: ukubali na kunyamaza kwa muda, au useme na kupoteza. Nimekosea?

Kama nimepatia, naomba tuyavue haya mambo mawili, maana nadhani yamefungwa kamba moja na si wewe uliyeyafunga. Kuna swali la kiti, na kuna swali la pampu. Mzee ameyaunganisha aliposema "ukishakaa kwenye kiti, utaamua wewe". Lakini soma tena barua yako: kiwanda, ghala na ubora viko chini yako leo hii. Ripoti ya kijana ilikuja kwako. Hayo maboksi yanapakiwa na watu wanaopokea amri yako. Unaongea kana kwamba dhamana itaanza siku ya kuapishwa, na mimi naona kana kwamba umekuwa nayo tangu siku ulipoipokea ripoti ile. Sisemi hivyo kukulaumu. Pengine ndiyo maana hulali, na kama ni hivyo, usingizi hautarudi kwa kukubali wala kwa kukataa cheo.

Jambo la pili ni hilo neno "hakuna aliyekufa". Ulipoliandika, lilikuwa linakufariji au lilikuwa linakusuta? Nauliza kwa sababu mtaalamu wangu aliliwekea kidole mara moja. Marekani, alisema, mtengenezaji hutakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 30 hata kama hakuna aliyeumia, ikiwa hitilafu hiyo ikijirudia inaweza kuua au kudhuru vibaya. Ulaya, chini ya kanuni ya mwaka 2017 iliyoanza kutumika Mei 2021, tukio zito lina siku 15, kifo kina siku 10, na tishio kubwa kwa afya ya umma lina siku 2. Huko nako, tukio ambalo lingeweza kuleta madhara linahesabiwa. Nchi yako ina utaratibu wake na wewe ndiye uliyewahi kukaa meza ya usajili, kwa hiyo unajua saa ilianza kuhesabu lini. Aliniambia pia kwamba zipo dawa za kushikilia presha ya mgonjwa mahututi ambazo nguvu yake huisha ndani ya dakika chache dripu ikikatika. Pampu inayozima kimya wakati mgonjwa anasukumwa kwenye korido, mbali na umeme wa ukutani, si sawa na pampu inayozima huku muuguzi anaiangalia.

Pampu za dripu zina historia yake, na unaifahamu. Kati ya mwaka 2005 na 2009 mamlaka ya udhibiti ya Marekani, FDA, ilipokea taarifa zipatazo 56,000 za matatizo yaliyohusu pampu hizi, na zikaitishwa, yaani ikatangazwa zirudishwe au zirekebishwe, mara 87. Mwaka 2010 ikabidi waanzishe mpango maalumu wa kuzishughulikia. Sikutajii hayo ili nikutishe. Nakutajia kwa sababu barua yako inasikika kama ya mtu anayedhani ana siri ya aibu ambayo hakuna mwingine amewahi kuibeba. Hii ndiyo kazi yenyewe. Kila mtengenezaji wa pampu amewahi kushika faili linalofanana na lako, na kinachowatofautisha ni walichofanya wiki zilizofuata.

Sasa nimtetee Mzee kidogo, maana nahofia wasomaji wangu wameshamhukumu. Anachokisema kuhusu wagonjwa kubaki bila pampu si porojo. Hospitali yenye pampu chache ikiambiwa izirudishe zote kesho, muuguzi atarudi kuhesabu matone kwa macho, na hilo nalo lina hatari yake. Lakini je, ni kweli kwamba njia zilizopo ni kunyamaza au kuzing'oa zote? Mtaalamu wangu alicheka nilipomuuliza. Anasema hatua nyingi zinazoitwa kuitisha bidhaa haziondoi kifaa wodini kabisa. Hutolewa notisi ya usalama: pampu za namba hizi zisitumike kwa betri pekee kwa dawa hizi, ziwe kwenye umeme wa ukutani wakati wote, zisitumike kumhamisha mgonjwa, betri zibadilishwe kwa ratiba hii, fundi atakuja. Wewe ulikuwa fundi huyo. Unaweza kuandika notisi hiyo vizuri kuliko mtu yeyote kwenye bodi, na ukamwonyesha Mzee kwamba hofu yake kwa wagonjwa ina jibu. Ila hofu yake kwa mauzo ya kampuni, hiyo sijui kama ina jibu la kumridhisha.

Na hapo niulize swali ambalo huenda litakuuma. Kwa nini kiti kinakuja sasa? Inawezekana kabisa kwamba ni kwa sababu Mzee amechoka na wewe umeiva. Inawezekana vilevile, bila hila yoyote, kwamba mtu anayekaribia kuiuza kazi ya maisha yake hataki kuwa yeye wa kutia saini kwamba kasoro zote zinazojulikana zimewekwa wazi. Mnunuzi atataka saini hiyo, na umeniambia kalamu itakuwa yako. Atatuma pia watu wake kufungua makabati, na kitu cha kwanza wanachokifungua katika kampuni za vifaa tiba ni mafaili ya malalamiko. Huwezi kuwa na hakika ni lipi kati ya hayo liko moyoni mwa Mzee, na pengine hata yeye hajajiuliza. Unaweza kumpenda mtu na bado ukataka kujua.

Tuje kwenye mpango wako wa kukubali kwanza na kurekebisha baadaye. Nauelewa, na una nguvu zake: mkurugenzi mtendaji anaweza kusimamisha upakiaji kwa barua pepe moja. Lakini siku ya kwanza utakuwa na bodi inayosubiri mauzo, mnunuzi anayehesabu, na Mzee aliyekupigia debe. Kila juma utakalosubiri kidogo ili usionekane umeanza kwa vurugu litakuwa juma lililoandikwa kwa jina lako. Ipo kesi moja ambayo lazima umewahi kufundishwa. Kampuni ya Guidant iligundua kasoro ya umeme katika kifaa chake cha kushtua moyo, ikairekebisha katika utengenezaji mwaka 2002, lakini ikaendelea kuuza vilivyokwisha kutengenezwa, na madaktari hawakuambiwa hadi Mei 2005, baada ya kijana mmoja kufariki. Mwaka 2011 mahakama ya Marekani iliihukumu kulipa zaidi ya dola milioni 296. Waliofanya uamuzi ule mwaka 2002, sidhani kama walijiona waovu. Walikuwa na toleo jipya, na la zamani lilikuwa linakwisha lenyewe.

Marekani pia kuna msimamo wa kisheria uliothibitishwa na Mahakama ya Juu mwaka 1975, katika kesi ya rais wa kampuni ya vyakula aitwaye Park: kiongozi mwenye uwezo wa kuzuia kosa la namna hii anaweza kuwajibishwa yeye binafsi, hata kama hakulifanya kwa mkono wake. Mwaka 2011 viongozi wanne wa kampuni ya vifaa tiba ya Synthes walihukumiwa vifungo vya kati ya miezi mitano na tisa, kwa majaribio ya saruji ya mifupa yaliyofanywa bila idhini. Nchi yako inaweza kuwa na sheria tofauti kabisa. Nataka tu ujue kwamba "nitaamua nikishakaa" si kipindi cha mapumziko.

Ipo njia ya katikati, ambayo barua yako haikuitaja: kuiweka pampu mbele ya kiti. Unawaambia bodi, kwa maandishi na kwa heshima, kwamba unakubali kuongoza, na kwamba ripoti iamuliwe na taarifa zitolewe kabla hujaanza, chini ya Mzee mwenyewe. Ona kwamba hii ingempa Mzee nafasi ya kuondoka akiwa ndiye aliyelisafisha, na si mtu aliyesafishiwa nyuma ya mgongo wake. Hatari yake ni ileile unayoiogopa: bodi inaweza kusema asante, tutatafuta mwingine. Na huyo mtu wa fedha anaweza kuja kweli. Je, faili litazikwa? Kama ripoti imeingizwa rasmi kwenye mfumo wa ubora, na jambo limeandikwa kwenye muhtasari wa kikao, mtu huyo atapata taabu kulizika, na wakaguzi watalikuta. Lakini siwezi kukuahidi.

Kusimamisha maboksi ya ghalani ni jambo jingine dogo ambalo huenda liko ndani ya mamlaka yako leo, bila kibali cha yeyote. Angalia taratibu zenu. Kampuni nyingi zinazofuata kiwango cha kimataifa cha ubora wa vifaa tiba, ISO 13485, zina utaratibu wa kuzuia bidhaa yenye shaka isitoke mpaka uchunguzi ukamilike. Hatua hiyo haiwasaidii walio na pampu wodini, na kila mtu ataona umeifanya. Lakini ingekupa kitu cha kuongea nacho na Mzee kisicho maneno matupu.

Rafiki yako anakushauri uondoke. Simpingi. Wako watu ambao kuondoka kuliwaokoa. Ila nauliza: ukiondoka kimya, kitakachobadilika ni nini kwa zile pampu? Na ukiondoka kwa sauti, ukaenda mwenyewe kwa mamlaka ya udhibiti, ulinzi wa mtoa taarifa ukoje kwenu? Mahali pengine sheria inamkinga, mahali pengine inamkinga kwenye karatasi tu. Hilo usilifanye kwa hasira ya usiku mmoja, na usibebe mafaili ya kampuni nyumbani kabla ya kujua sheria inaruhusu nini.

Sijamsahau mumeo. Amekushauri akiwa na nusu ya habari, halafu wewe unalihesabu shauri lake kama shinikizo. Si lazima umpe siri za kampuni. Unaweza kumwambia, "Kuna jambo la usalama wa wagonjwa ambalo sijalimaliza, na kulimaliza kunaweza kutugharimu cheo." Hakuna pampu wala jina ndani ya sentensi hiyo. Nashuku kwamba mtu aliyesubiri nawe miaka yote hii anaweza kulipokea kuliko unavyodhani, na hata asipolipokea utakuwa umejua mahali pa kuegemea na mahali pasipo.

Na yule mhandisi kijana? Umemsifu kwa ripoti nzuri kisha ukamwacha. Amejibiwa nini mpaka sasa? Anaangalia namna ripoti yake inavyoshughulikiwa, kama wewe ulivyomwangalia Mzee enzi zile. Hata jibu la "nimeipokea, nimeipeleka juu, hii hapa tarehe ya kikao" ni jibu, na linabaki kwenye kumbukumbu.

Kabla ya bodi kukaa, nenda kwa Mzee peke yake, si kwa barua pepe. Usimtuhumu. Muulize alichokuwa anakusudia aliposema utaamua wewe, halafu nyamaza umsikilize. Na kabla ya hapo mtafute mwanasheria wako mwenyewe. Wa kampuni anaweza kuwa mtu mwema sana, lakini mteja wake ni kampuni. Umwonyeshe mkataba wa kiti, umuulize ni matamko gani utatia saini siku ya mauzo, bima ya wakurugenzi inafunika nini na haifuniki nini, na nini kinatokea ukisaini jambo ambalo ulishalijua. Majibu yake yakikutosha, au yakikuongezea maswali, niandikie tena.

Shangazi yako